Fundi Saa Aliyejipima Joto la Vidole

Fundi hakupenda kuulizwa saa. Kibanda chake cha mtaa wa Ng'ambo kilijaa saa za mkono, za ukutani na za mezani zenye kengele, na kila moja ilikwenda kwa wakati wake kwa sababu kila moja ilikuwa mgonjwa. Mpita njia akiita, "Fundi, saa ngapi?" yeye alijibu bila kuinua kichwa, "Ya nani?" Wageni walidhani ana kiburi. Sisi majirani tulijua kwamba anauliza kwa dhati. Saa ya kweli ilikuwa moja tu, nayo ililala ndani ya mtoto wa meza, naye aliifunua asubuhi mara moja na kuifunika tena kwa kitambaa.

Nilimfahamu kwa miaka mingi. Nilikuwa nesi katika zahanati ndogo hatua chache kutoka kwake, kazi niliyoianza miaka ya mwanzo ya uhuru. Jina lake nalijua, lakini hata mkewe alimwita Fundi, nami sina sababu ya kufanya tofauti.

Mikono yake ilikuwa mikavu kama karatasi. Aliipaka majivu laini ya kuni yaliyochekechwa, kwa maana jasho la binadamu, alisema, huua saa kabla ya vumbi. Akiwa kazini hakumpa mtu kiganja. Alikunyooshea kifundo cha mkono ukishike. Shehe wa msikiti wa jirani alipokishika mara ya kwanza aliwageukia waliokuwapo akasema, "Leo nimesalimiana na fimbo." Fundi aliipenda kauli hiyo, akairudia mwenyewe kwa kila mgeni.

Alikuwa na misemo yake. "Uchafu mdogo una mamlaka makubwa." "Saa haifi, hukata tamaa." Na ule wa tatu, ambao wateja wake waliuchukia: "Kesho." Mama mmoja muuza maandazi alimwambia, "Fundi, hii kesho yako niambie ni ya mwaka gani, nijue kama nitakuwa hai." Naam, mtu aliyerekebisha wakati wa mji mzima hakuwahi kufika popote kwa wakati. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na mikutano aliyoiitisha yeye mwenyewe aliichelewa. Jumamosi alitusukuma wote kwenda shamba la ujamaa, upande wa njia ya Kwihara, akihubiri kujitegemea kwa sauti kubwa, kisha alishika jembe kwa ncha za vidole kana kwamba ni kibano.

Aliyemweza kwa maneno alikuwa mmoja tu, Mzaramo aliyefanya kazi stesheni ya reli. Fundi alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipopita Uzaramo wakielekea pwani, wakagombana na kuzoeana. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mzaramo huyu aliitumia ruhusa yake kila siku. Alisimama mlangoni pa kibanda na kutangaza, "Waungwana, leteni saa zenu! Zikiwa zinakwenda, huyu atazisimamisha!" Fundi naye hakukosa jibu. "Mtani, nyinyi treni yenu ikifika siku iliyoandikwa, nitafunga kibanda nikaishangae."

Sasa nieleze ugonjwa wake, na naomba nieleze polepole. Karibu kila mtu amewahi kuumwa kichwa, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba anajua.

Kipandauso humlaza mtu. Hutaka giza na kimya. Maumivu ya Fundi yalimwinua. Yalianza nyuma ya jicho la kushoto, jicho hilohilo miaka yote. Jicho lilikuwa jekundu na kutoa machozi, tundu la pua la upande ule likachuruzika, kope ikalegea. Katika dakika chache yalifika kileleni, na mtu aliyeweza kukaa nusu siku bila kutikisika alisimama akazunguka kibanda, kiganja kimekandamiza jicho, kisigino kikigonga sakafu. Baada ya muda unaokaribia saa nzima yaliondoka yenyewe. Kesho yake, saa tisa na nusu alasiri, yalirudi. Ilikuwa hivyo kila siku kwa wiki sita au saba, kila mwaka mwezi wa Juni ulipoingia, kisha yakatoweka mpaka mwaka wa pili. Ndiyo maana madaktari huyaita maumivu ya makundi: mashambulizi huja yamekusanyika, halafu huondoka yote pamoja.

"Nimetengeneza saa za watu wote wa mji huu," aliniambia siku moja akifuta jicho, "na hakuna hata moja inayokwenda sawasawa kama ugonjwa wangu."

Kati ya wachache waliojua, wengine walisema ni jini. Wengine walisema jicho limeharibiwa na kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa.  Msimu ukifika yeye alishusha ubao wa dirisha saa tisa, na swala ya alasiri aliichelewesha, akaiswali maumivu yakishapita.

Siri hiyo ilifichuka shambani. Ilikuwa Jumamosi ya Juni tukivuna mahindi, na kazi ilikuwa imechelewa kwa sababu balozi alikuwa amechelewa. Saa tisa na nusu ikamkuta kati ya watu. Alitupa kikapu, akashika jicho, akaanza kuzunguka. Mzaramo alidhani anakwepa kazi, akapaza sauti:

"Jamani, kitazameni kichwa cha Mnyamwezi! Babu zake walikitwika pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Leo hakina mzigo, kinalia kwa upweke!"

Watu walicheka wakangoja jibu.  Fundi alikwenda kwenye mti uliokuwa pembeni, akaweka paji la uso kwenye gome, kisha akaanza kuligonga. Aligonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kicheko kilikufa. Mzaramo alikimbia, akavua shati lake, akalilowesha kwa maji ya mtungi, akaliweka kati ya kichwa na mti. Akasimama pale kifua wazi muda wote, na waliosogea aliwafukuza. "Nani kawaambia hapa kuna ngoma? Vuneni!"

Maumivu yalipokwisha Mzaramo alimwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Mtani, nenda hospitali. Ukifa nitamcheka nani?"

Nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, nikawa mkalimani. Ugonjwa aliutambua hata kabla sijamaliza kueleza. Aliandika vidonge, ambavyo vilisaidia kidogo na kumtapisha sana. Kisha, tukizungumza, alinisimulia jambo lililoanza kujaribiwa kwao. Watu wenye kipandauso walifundishwa kupasha joto mikono yao wenyewe kwa kutulia, huku wakitazama kipimo kinachowaonyesha joto la vidole. "Ni kwa kipandauso," alisema. "Kwa huyu, sijui."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia vizuri. Njiani Fundi aliponiuliza daktari amesema nini zaidi, nilimweleza habari yote ya kipimo, na "sijui" sikuisema. Nilikuwa nimeuona mti ule. Nilitaka mgonjwa wangu arudi nyumbani na kitu.

Wazo lenyewe si la kichawi. Mtu akiogopa, damu huondoka kwenye vidole na vidole hupoa. Akitulia, hurudi na vidole hupata joto. Huwezi kuiamuru damu kama unavyoamuru mguu, kwa sababu huioni. Lakini ukipewa kipimo, ukaona namba ikipanda hata kidogo, unaanza kujua ulifanya nini ndani yako ikapanda, nawe unarudia. Kwa mtu aliyeishi kwa kusoma mishale, habari hii ilikuwa kama asali.

Kipimajoto cha zahanati hakikufaa, maana kikishapanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Fundi alikwenda kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, akaazima kile cha kupimia maji ya kusafishia picha, chenye kioevu chekundu kinachopanda na kushuka chenyewe. Alikifunga kwa uzi kwenye kidole cha shahada, akakaa, akavuta pumzi polepole, akafikiria kikombe cha uji wa moto kati ya viganja. Siku ya tano aliniita kwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Nesi, mwanangu! Njoo uone!" Nikaenda. Uzi mwekundu ulikuwa unapanda kweli, na hakuna aliyeugusa.

Mzaramo naye aliuona. "Mtani," alisema, "kama vidole vinachemka kwa kufikiri, fikiria na birika, tunywe chai."

Fundi alifanya zoezi lake asubuhi, adhuhuri, na maumivu yakiwa juu. Aliandika daftarini saa ya kuanza, saa ya kwisha, na joto la vidole. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu ya zoezi, shambulizi moja lilikuwa fupi. Lililofuata likawa fupi zaidi. Siku mbili baadaye, saa tisa na nusu ilifika, ikapita, na Fundi alikuwa amekaa anafungua saa ya kengele. Jioni ile aliutangazia mtaa mzima kwamba amelishinda jicho lake. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Habari ilipanda lori ikaondoka mjini. Mwezi wa Septemba alikuja mtu kutoka Puge, dereva wa trekta la kijiji cha ujamaa, kijana mwenye mabega mapana. Ugonjwa wake ulikuwa uleule, ila msimu wake ulianza Novemba, mvua zikianza, wakati wa kulima, ambao ndio wakati trekta linapohitajika. Mwaka uliopita shambulizi lilimpata akiwa juu ya usukani akaacha mtaro, akapanda tuta, watu wakakimbia. Kijiji kilimwambia ajitibu au ampishe mwingine. Alikuwa na vidonge vya hospitali mfukoni.

"Shikamoo, Fundi. Nimeambiwa wewe umepona."

"Marahaba, mwanangu. Nimepona. Keti."

Alimfundisha siku tatu. Alikuwa amekwisha kupata kipimajoto kingine kwa mpiga picha yule, akampa. Siku ya kuondoka kijana aliuliza kama aendelee na vidonge. Nilikuwapo. Fundi alimjibu, "Mimi niliviacha." Hakumkataza. Lakini kijana alipanda lori akiwa amevisahau juu ya meza ya kibanda, na hakuna kati yetu aliyemkimbilia.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa Urambo, nikakaa miaka miwili. Kwa hiyo sehemu inayofuata sikuiona. Niliipata kwake mwenyewe niliporudi, Oktoba, nilipokwenda kumsalimu.

Alikuwa amezeeka kuliko miaka miwili. Ubao wa dirisha ulikuwa wazi, kibano mkononi, lakini hakuwa anafanya kazi. Nilimwamkia. Akanyoosha kifundo cha mkono, kisha akabadili nia akanipa kiganja.

"Kichwa kilirudi, mwanangu," alisema. "Juni iliyofuata, siku ileile, saa ileile. Nikafunga kipimajoto, nikapasha vidole mpaka vikatoa jasho. Kichwa hakikujua kama nina vidole."

"Wiki zote?"

"Wiki zote saba. Na mwaka huu tena. Nilitoa madaftari yangu ya zamani, ya kabla ya kipimajoto. Kumbe kila mwaka wiki za mwisho mashambulizi huwa mafupi, kisha huisha. Mimi nilianza zoezi msimu ukiwa katikati." Aliweka kibano chini. "Mtu akiniletea saa inayokaribia kusimama, nikaigusa, ikasimama, je, nitasema nimeisimamisha mimi? Mwanafunzi wa wiki moja hafanyi kosa hilo. Mimi nililifanya kwa kichwa changu mwenyewe, nikaliita dawa."

Akaniambia pia kwamba Juni ile Mzaramo alimburuta tena kwa daktari. Safari hii alivalishwa barakoa ya mpira maumivu yakiwa yameanza, akavuta oksijeni ya mtungi kwa nguvu, na kabla ya robo saa maumivu yakaondoka, "kama mtu aliyeitwa nje." Si kila mara, lakini mara nyingi. Daktari alimruhusu aje kila shambulizi likianza, kwa kuwa anaishi karibu.

"Na yule kijana wa Puge?" niliuliza.

"Lori huleta habari. Trekta wamempa mwingine. Hospitali ameacha kwenda. Anawaambia watu kwamba dawa ya Fundi ni nzuri, ila yeye hana moyo wa kutosha." Akafunika kwa kitambaa saa iliyokuwa mezani, akaifunua, akaifunika tena. "Mji mzima unanijua kwa uponyaji ule. Mwaka mzima nimejiambia nitakwenda kesho. Novemba inaingia, Nesi. Twende wote. Mimi nitasema, wewe ukae hapo nisikimbie."

Tulipanda gari la asubuhi. Njiani nilimweleza neno la daktari nililoliacha mlangoni pa hospitali, lile "sijui". Alitazama miti ikipita, akasema, "Basi tulikuwa mafundi wabovu wawili." Hakulirudia tena.

Kijana tulimkuta akipanga kuni. Alitukaribisha kwa furaha iliyotuumiza, akatoa vigoda, akaomba radhi hata kabla hatujaketi. Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa ukutani pa nyumba kama picha.

"Mwangaluka, wazee wangu," alituamkia kwa Kinyamwezi. "Fundi, nisamehe, nimekuaibisha. Najitahidi, lakini nikiumwa siwezi kutulia. Vidole vinapoa."

"Mwanangu, nyamaza kidogo," Fundi alisema. "Nimekuja kukuambia kwamba nilikudanganya. Sikujua kama nakudanganya, kisha nikajua, na nikakaa na kujua kwangu zaidi ya mwaka. Zoezi lile haliondoi maumivu yetu. Mimi sikupona. Msimu wangu ulikuwa unakwisha."

 Nilidhani kijana atatufukuza, na alikuwa na haki hiyo. Badala yake aligeuza kichwa akaita, "Mama Kulwa! Njoo hapa." Mkewe alitoka jikoni na mikono yenye unga. "Rudia, Mzee," kijana alisema. "Na yeye asikie."

Fundi alirudia, neno kwa neno. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana mwanamke yule hakuwa na adabu ya kumstahi mgeni. Alimkazia macho mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si kwamba hakutulia?" aliuliza.

"Hakuna anayetulia na maumivu yale, binti yangu. Mimi niligonga kichwa kwenye mti mbele ya nyumba kumi."

Mama Kulwa alikaa chini, palepale, juu ya kuni. "Misimu miwili," alisema, "mimi namwambia, tulia, baba, tulia. Huwezi kwa sababu hutaki." Hakulia. Alijifuta unga mikononi, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

Nilieleza habari ya oksijeni kadiri nilivyoweza: kwamba huwasaidia wengi wenye ugonjwa huu, wala si wote, kwamba lazima ianze mapema, na kutoka Puge hadi hospitali shambulizi litakuwa limekwisha njiani. Nilieleza pia kwamba zoezi lenyewe halina ubaya, na likimpunguzia hofu ya kungoja saa yake anaweza kulifanya, mradi asiliite dawa. Mpaka nastaafu sikupata neno bora kuliko hilo.

"Msimu wako ukianza utakaa kwangu," Fundi alisema. "Hospitali tunakwenda kwa miguu."

"Wiki ngapi?" kijana aliuliza.

"Zitakazohitajika."

"Nani atampikia?" Mama Kulwa aliuliza.

"Mke wangu."

"Basi atakwenda na kunde zetu. Siwezi kumtuma mume wangu mikono mitupu." Akainuka akaingia ndani.

Kijana alibaki akichora ardhi kwa kijiti. "Na trekta, Mzee? Nikitibiwa watanirudishia?"

Nilimwona Fundi akifungua mdomo, na nilijua jibu lililokuwa linakuja, kwa sababu lilikuwa linakuja mdomoni mwangu pia. Aliufunga, akaufungua tena.

"Sijui," alisema.

Kijana aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa kitu chenye uzito kamili. Kisha aliita ndani kwamba kunde ziwekwe kwenye gunia dogo, zitangulie nasi, lisimchoshe mzee kubeba, na Fundi akasema hata likiwa kubwa atalibeba yeye.